Bahasha Nyuma ya Kabati
Deni la kodi halifi kwa kufichwa, lakini zipo njia za kulimaliza

Jumatatu moja asubuhi, zahanati ikiwa imejaa akina mama na watoto wa kliniki, alikuja mama mmoja tunayesali naye. Siku hiyo hakuleta mtoto. Alisema kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa na usingizi umemkimbia. Tulipompima, presha ilikuwa juu sana, naye hakuwahi kuwa na tatizo hilo. Tukamuuliza maswali yetu ya kawaida, habari za chumvi, dawa na ujauzito. Mwisho tukamuuliza lile swali ambalo kila muuguzi hulijua: "Mama, nyumbani kuna amani?"

Hakujibu. Alifungua mkoba akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani kati yetu.

Ilikuwa barua ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Ilimtaka alipe, na ukijumlisha na barua nyingine mbili za nyuma alizozikuta pamoja nayo, deni lilizidi shilingi milioni mbili. Alikuwa amezikuta nyuma ya kabati alipokuwa akifagia. Kilichomuumiza zaidi, kila barua ilikuwa na jina lake yeye, wala si la mumewe, na zote tatu zilikuwa zimekwisha kufunguliwa.

Ametupa ruhusa tueleze habari yake bila kumtaja, kwa kuwa anaamini wako akina mama wengi ambao majina yao yamo katika bahasha kama hiyo nao hawajui.

Deni lilivyozaliwa

Mwaka 2016 mume wa mama huyu, ambaye ameajiriwa, aliona heri wafungue duka la nguo za watoto. Kwa kuwa yeye yuko kazini mchana kutwa, wakakubaliana leseni na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, viandikwe kwa jina la mke. Duka lilikwenda vizuri kwa miaka miwili. Kisha mama akapata ujauzito wa tatu wenye matatizo, akakaa nyumbani, na mume akawa ndiye msimamizi. Mauzo yakashuka. Mwishoni mwa mwaka 2018 wakafunga, wakarudisha ufunguo wa fremu kwa mwenye nyumba, na kila mmoja akadhani mambo yamekwisha.

Hakuna aliyekwenda TRA kusema kwamba duka limefungwa.

Mpendwa msomaji, hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Mfanyabiashara mdogo asiyetunza hesabu kamili hukadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka, naye huilipa kwa awamu nne: kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukifunga biashara bila kutoa taarifa kwa maandishi, kwenye vitabu vya Mamlaka wewe bado ni mfanyabiashara. Makadirio huweza kuendelea kutolewa wakati fremu yako ina mpangaji mwingine anayeuza simu.

Jambo la pili: kwa sheria ya Tanzania mume na mke hutozwa kodi ya mapato kila mmoja kwa nafsi yake. Kwa hiyo biashara iliyoandikwa kwa jina lako ni yako mbele ya sheria, hata kama hujawahi kushika senti ya mauzo yake. Akina mama wengi tumetia sahihi fomu tukiwa jikoni, unga mikononi, kwa kuambiwa tu, "Weka sahihi hapa, mama watoto." Si vibaya kumwamini mume, lakini tusome kwanza ndipo tutie sahihi.

Linavyokua

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumeona uvimbe mdogo ukifichwa chini ya kanga kwa aibu mpaka ukawa donda. Deni la kodi nalo lina tabia hiyo. Linakua usiku na mchana kwa njia mbili.

Ya kwanza ni adhabu. Asiyewasilisha ritani kwa wakati hutozwa adhabu kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi huhesabiwa kuwa mwezi mzima. Ya pili ni riba kwa kodi iliyocheleweshwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, riba hiyo huongezwa juu ya deni kila mwezi, na mwezi unaofuata riba huhesabiwa juu ya jumla mpya. Tuseme, kwa mfano tu, deni ni shilingi 1,000,000 na riba ni asilimia moja kwa mwezi. Baada ya miaka mitatu deni limekuwa karibu shilingi 1,431,000. Baada ya miaka mitano limefika karibu shilingi 1,817,000, na hapo adhabu hatujaziweka.

Deni likiendelea kufichwa, Mamlaka ina uwezo mkubwa. Inaweza kuiandikia benki yako, au mtu yeyote unayemdai, kwamba fedha zako zipelekwe kulipa kodi. Inaweza kuweka zuio juu ya ardhi au nyumba yako. Inaweza kukamata mali na kuiuza. Inaweza kumzuia mdaiwa kusafiri nje ya nchi mpaka alipe au aweke dhamana. Na kabla ya hayo yote, mdaiwa hukwama katika mambo madogo. Anataka kuhuisha leseni ya biashara, anaambiwa alete hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi kodi, naye hana.

Mwenye deni na mkwepa kodi si mmoja

Mwenye deni ni mtu aliyeshindwa kulipa, au aliyechelewa, au asiyejua. Huyo hudaiwa kodi, riba na adhabu za fedha, na sheria imemwekea njia za kutokea.

Mkwepa kodi ni yule anayedanganya kwa makusudi. Anaweka vitabu viwili, kimoja cha kweli na kingine cha kumwonyesha afisa. Anauza bila risiti. Anaandika mauzo pungufu. Anafunga duka la jina hili Ijumaa na kulifungua Jumatatu kwa jina la mkewe, shemeji yake au mtoto wake ili alikimbie deni. Huyo ameingia katika kosa la jinai, naye anaweza kufikishwa mahakamani na kupewa faini, kifungo, au vyote viwili. Mama mwenzetu, ukiombwa jina lako litumike kwa jambo la namna hiyo, kataa kwa upole lakini kataa. Siku ya kuitwa, ataitwa mwenye jina.

Sisi tulio Wakristo tunajua pia kwamba jambo hili halianzii mahakamani. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 13, anaihesabu kodi miongoni mwa vitu ambavyo mwamini hana budi kumlipa anayestahili. Nasi kwenye zahanati za Serikali tunaona kodi hiyo inakokwenda: mshahara wa mkunga aliyekesha na wewe hutoka humo.

Hatusemi kwamba kila makadirio ni ya haki. Mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam walifunga maduka, na kodi na namna inavyokusanywa ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwezi Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliwaonya wakusanyaji kodi dhidi ya kutumia mabavu. Kuonewa kunatokea. Lakini anayeonewa naye ana mlango wake wa kupita, na mlango huo huwa wazi kwa muda maalum.

Njia zilizopo

Tulipomaliza kumpa mama yule dawa ya presha na kumwandikia siku ya kurudi, tulimwomba atazame tarehe kwenye barua ya mwisho. Ilikuwa na siku 21 tangu ipokelewe. Hapo ndipo tulipoona mkono wa Mungu, maana siku 9 zilikuwa bado zimebaki. Zimebaki za nini? Hebu tueleze njia hizo moja baada ya nyingine.

1. Kupinga makadirio. Ukiona kodi uliyokadiriwa si sahihi, unaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio, ukieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Sheria inataka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kile kiasi usichokipinga, chochote kilicho kikubwa. Usipokuwa na uwezo, andika barua uombe kiasi hicho kipunguzwe au uondolewe, ukitoa sababu za kweli. Siku 30 zikipita bila pingamizi, makadirio huwa ya mwisho. Hata hivyo aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa nje ya nchi, au mwenye sababu nyingine ya maana anaweza kuomba aongezewe muda. Kwa hiyo, mama, tunza kadi zako za kliniki na barua za kulazwa, maana zinaweza kuhitajika mahali usipopategemea.

2. Kukata rufaa. Uamuzi wa Kamishna usipokuridhisha, unaweza kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani. Kwa deni dogo la nyumbani aghalabu mambo humalizika kabla ya kufika huko. Kama lalamiko lako ni juu ya namna ulivyohudumiwa, iko pia taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi iliyowekwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019.

3. Kulipa kwa awamu. Kama deni ni la kweli ila huna fedha zote, andika barua ya kuomba kuongezewa muda au kulipa kidogo kidogo. Eleza kipato chako ulicho nacho na kiasi unachoweza kila mwezi. Usiahidi kwa kujionyesha, kwani ukikosa awamu unaweza kutakiwa kulipa salio lote mara moja. Ujue pia kwamba riba haisimami kwa sababu umepewa muda, hivyo kadiri utakavyomaliza mapema ndivyo utakavyookoa.

4. Kuomba kupunguziwa riba na adhabu. Sheria inatoa nafasi ya kuomba riba na adhabu ziondolewe, zote au sehemu, kwa sababu nzuri. Kodi yenyewe inabaki. Wako wanaokaa wakingoja msamaha wa jumla kama ule wa mwaka 2018, ambapo walioomba na kukubaliwa walisamehewa riba na adhabu kwa asilimia 100 kwa sharti la kumaliza kodi yenyewe kufikia tarehe 30 Juni 2019. Ni kweli wengi walipona. Lakini msamaha ule ulikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Anayeacha kutibiwa akingojea siku ya dawa za bure, ugonjwa haumngojei.

5. Kwenda mwenyewe kabla hujaitwa. Ukijua kuna mwaka ambao hukuwasilisha ritani au uliandika pungufu, nenda ukaseme. Zakayo, katika Luka 19, hakungoja kushitakiwa. Alisimama mwenyewe akataja aliowadhulumu na namna atakavyowarudishia. Anayejileta huzungumza akiwa ameketi. Anayekamatwa hujibu akiwa amesimama.

Njia za kuepuka

Wiki ile ile, habari zikiwa zimeanza kupenya mtaani, akaja kijana mmoja nyumbani kwa mama yule. Alisema ana mtu ndani, na kwa shilingi 300,000 deni lote litafutwa. Mume alikuwa tayari. Mama akauliza swali moja tu: "Utatupa risiti?" Kijana akacheka, akaondoka.

Hao ndio vishoka. Hawafuti deni, wanafuta akiba yako. Kodi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na Mamlaka, kupitia benki au simu, na risiti hupatikana. Usimpe mtu fedha mkononi, wala usitume kwenye simu ya mtu binafsi.

Pia msikimbilie mikopo ya kausha damu ili kulipa kodi. Utakuwa umehama kwenye riba unayoweza kuzungumza nayo ukaingia kwenye riba inayobeba kitanda na friji. Na fedha za kikundi cha VICOBA zisichukuliwe kimya kimya. Ukihitaji mkopo, uombe mbele ya wenzako kwa utaratibu wenu.

Mazungumzo ya usiku ule

Kwenda TRA kulikuwa rahisi kuliko kuzungumza nyumbani. Mama yule alituambia kwamba aliweka bahasha tatu juu ya meza baada ya watoto kulala, akakaa. Mumewe alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama watoto, sikutaka upate presha."

Naye akamjibu, "Baba, presha nimeipata kwa kuzikuta. Ungenieleza tungeibeba wawili."

Hawakugombana. Alitueleza kwamba walilia, kisha wakachukua daftari la shule la mtoto na kuandika kila walichokumbuka: tarehe ya kufungua, mauzo, malipo waliyofanya, tarehe ya kufunga. Mume alikiri kwamba barua ya kwanza aliificha kwa kuwa alidhani ataimaliza kwa bonasi ya mwisho wa mwaka. Bonasi haikuja. Ya pili aliificha kwa sababu aliificha ya kwanza.

Tunaomba akina mama wenzetu muisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Wanaume wengi hawafichi madeni kwa ubaya. Wanaficha kwa aibu, na aibu huzaa aibu nyingine. Nyumba ambayo baba anaogopa kusema kwamba ameshindwa ni nyumba ya hatari hata kama ina chakula. Na sisi wake tujichunguze pia: anapotueleza la fedha, tunampokeaje? Tukimpokea kwa kelele leo, kesho bahasha itakwenda nyuma ya kabati.

Siku ya saba kabla ya muda kwisha walikwenda wote wawili. Walikuwa na mkataba wa fremu, barua ya mwenye nyumba inayoonyesha tarehe ya kurudisha ufunguo, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Waliomba kupunguziwa malipo ya kwanza ya pingamizi, wakakubaliwa. Matokeo hayakuwa yote kama walivyotamani. Makadirio ya miaka miwili baada ya kufunga duka yaliondolewa. Ya mwaka 2019 yalibaki, maana leseni ilikuwa bado hai na ushahidi wao wa miezi ya mwanzo haukutosha. Kodi ya wakati duka lilipokuwa wazi nayo ilikuwa deni la haki. Jumla ikawa shilingi 1,200,000. Walilipa 200,000 mwanzoni, na 100,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Mama alishona sare za shule usiku, baba akaacha kwa muda ujenzi wa uzio. Siku hiyo hiyo ya kwanza waliandikisha pia taarifa ya kufunga biashara, wakabaki na nakala yenye muhuri.

Mwezi wa kumi ulipokwisha alikuja tena kliniki. Presha ilikuwa imeshuka, ingawa dawa anaendelea nazo.

Mambo ya kutunza nyumbani

Weka faili moja, hata la karatasi ngumu, lenye nakala ya TIN, leseni, mikataba ya fremu, risiti za kodi na kila barua iliyopokelewa. Kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka mitano. Juu ya kila barua andika tarehe uliyoipokea. Mume na mke wote wajue faili liko wapi. Tumewatembelea wajane ambao walijua deni la marehemu siku ya kikao cha mirathi, na madeni ya marehemu hulipwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Ni heri kulijua akiwa hai, mkiwa mmeshikana mikono.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma juu ya mjane ambaye mdai wake alikuja kuwachukua wanawe. Aliondoka nyumbani akaenda kusema shida yake. Elisha alimuuliza ana nini ndani ya nyumba, naye akataja chupa ndogo ya mafuta. Bwana alipoyaongeza, maelekezo yalikuja kwa utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yale yaliyobaki. Kulipa kulitangulia, na kabla ya yote mama yule alisema.

Mama, jioni hii mwulize baba watoto kwa upole jina lako limeandikwa wapi. Na kama kuna bahasha, ziletwe mezani.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Ni nyaraka gani za biashara zenye jina langu, nami sijazisoma?
2. Mume wangu akinieleza kwamba ana deni, hunikuta nikiwa mtu wa namna gani?
3. Kikundi chetu kinawezaje kumsindikiza mwenzetu mwenye deni bila kumwaibisha?